Pori Ni Kijani, Lakini Ni Zima?

Kama unaishi Lubumbashi, Likasi, Kipushi ao Kolwezi, unajua namna asubuhi inaanza kwetu. Jua halijapanda vizuri, na vijana wanaingia katika muji wakisukuma kinga zenye mifuko ya makala, mitatu ao minne, imefungwa kwa kamba za mupira. Mama anawasha mbabula, maji ya bukari yanachemka, watoto wanakula mbele ya kwenda masomo. Nyumbani kwangu pia iko vile. Umeme ukikatika siku tatu, hata yule aliyenunua jiko la umeme anatafuta makala kama jirani yake.

Sasa ukitoka katika muji na gari, unatazama kuume na kushoto, unaona miti. Kijani tupu. Unajiuliza: wanasema pori linakwisha, linakwishia wapi? Vijana wengi wananiuliza vile, na ulizo lao ni zuri.

Shuka katika gari. Tembea dakika kumi, mbali na barabara. Ile miti uliyoiona ni kama pazia kwenye mulango. Nyuma yake unakuta visiki, duara nyeusi za tanuru za zamani, na kati yao miti miembamba, unene wa mukono, inayoota juu ya visiki. Ni kijani, ndiyo. Lakini pori lenyewe limekwisha kwenda kwa mufuko. Jambo hili muguu unaliona kwa dakika kumi. Wenye elimu kubwa, pamoja na mashini za bei kubwa, limewasumbua miaka mingi, kwa sababu wao walikuwa wanatazama kutoka juu.

Katika kurasa hizi nataka tuone namna wanavyotazama, juu ya nini kijani kinawadanganya, na kitu gani kimepatikana sasa juu ya kutazama ndani.

Satelite inaona nini?

Tarehe 23 mwezi wa 7 mwaka wa 1972, Marekani ilirusha satelite ya kwanza ya ukoo unaoitwa Landsat. Nyingine zilifuata, na ile ya 9 ilirushwa mwaka wa 2021. Landsat 8 na Landsat 9 zinazunguka dunia kwa urefu wa kilometa 705, zinapokezana, na kila fasi ya dunia inapigwa picha kila siku 8. Tangu mwaka wa 2008 picha zile zinatolewa bure kwa kila mutu, hata zile za zamani. Mwanafunzi wa Lubumbashi anazipata sawa na profesa wa Ulaya, kama iko na intaneti na uvumilivu.

Usifikiri ni picha kama ile ya arusi. Satelite inapima mwanga. Jani lenye afya linakula mwanga mwekundu wa jua juu ya kutengeneza chakula cha muti, na linarudisha kwa nguvu mwanga mwingine ambao macho yetu hayauoni. Udongo mutupu haufanyi vile, nyumba haifanyi vile, maji hayafanyi vile. Kompyuta inalinganisha mwanga ule wa aina mbili na inasema: hapa kuko majani, hapa hakuna.

Picha ya Landsat imekatwa vipande vipande, kila kimoja meta 30 kila upande. Uwanja wa mupira unaenea vipande kama 8 hivi. Ndani ya kipande kimoja satelite haitengi muti na muti. Inatoa jibu moja kwa wote, kama mwalimu anayeandika pointi moja kwa darasa zima.

Kwa jeraha kubwa, jicho hili halishindwi. Shimo la mine, barabara mupya, shamba kubwa lililofunguliwa kwa mashini, vyote vinaonekana. Tuko na mufano kwetu nyumbani. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka wa 1911. Pepo kwetu inavuma zaidi kutoka kusini-mashariki, basi moshi ulikuwa unakwenda kaskazini-magharibi, miaka na miaka, na upande ule miti ilikufa na udongo ukabaki wazi. Watafiti wa Université ya Lubumbashi walifuata alama ile katika picha za satelite. Mutu wa Penga Penga hakuhitaji satelite juu ya kujua jambo lile. Lakini satelite iliweza kuchora mupaka wake na kuonyesha namna unavyobadilika mwaka kwa mwaka, na karatasi ya namna ile inasikilizwa katika ofisi ambamo neno la mukaaji halisikilizwi. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Kijani kinachodanganya

Mwaka wa 2013 Université ya Maryland, kule Marekani, ilitangaza ramani ya dunia nzima iliyoonyesha fasi ambapo miti ilipotea tangu mwaka wa 2000. Ni kazi kubwa sana, na inaendelea kila mwaka. Lakini uangalie vizuri inahesabu nini. Muti kwa ramani ile ni kila mumea wenye urefu kupita meta 5. Na kupotea maana yake ni kwamba kilele cha pori katika kipande kile kimeondoka. Ukitosha miti yote, kompyuta inaandika: imepotea. Ukitosha ile mikubwa tu, muti mumoja hapa, mwingine pale, na kuacha midogo isimame, kompyuta inanyamaza.

Na muchomaji wa makala anaanza namna gani? Anachagua! Anataka muti muzito, mugumu, wenye kutoa makala yasiyovunjika. Anauacha mwembamba na ule wenye mbao nyepesi. Anarudi mwaka unaofuata, anachukua wa pili kwa unene. Pori linakondeshwa kidogo kidogo, kama mutu mwenye ugonjwa wa ndani ambaye anavaa nguo ile ile na watu wanasema bado ni munene.

Kisha kuko visiki. Miti yetu ya miombo haifi kwa shoka moja. Kisiki kinatoa machipukizi mengi, na mvua mbili ao tatu zikipita, fasi ile ina majani tena. Hiyo ni neema kubwa ya pori letu, tukilipumzisha, linarudi. Lakini kutoka kilometa 705, jani la chipukizi la miaka mitatu na jani la muti wa miaka themanini yanarudisha mwanga karibu sawasawa.

Jambo lingine mutu wa Ulaya anaweza kulisahau, lakini mutoto wa Katanga analijua. Wakati wa jua, miti yetu mingi inaangusha majani. Kisha kufika mwezi wa 9 na wa 10, mbele hata mvua haijaanza, majani mapya yanatoka, mengine mekundu kama shaba. Mutu akilinganisha picha ya mwezi wa 5 na picha ya mwezi wa 9, anaweza kulia kwamba pori lote limekufa, na kumbe limelala tu. Ongeza moto wa majani, unaofanya ardhi nyeusi kila mwaka. Kwa sababu hiyo watafiti wenye akili wanalinganisha mwezi na mwezi ule ule, miaka tofauti.

Na wakati wa mvua? Mawingu. Hapo radari inasaidia, kwa sababu inatuma mawimbi yake yenyewe, inapita wingu na kufanya kazi hata usiku. Ulaya ilirusha satelite ya radari inayoitwa Sentinel-1 mwaka wa 2014. Kwa musitu mukubwa wa Ekwateri, wenye mawingu karibu mwaka muzima, ilikuwa musaada mukubwa: tangu mwaka wa 2021 watafiti wa Wageningen, Uholanzi, wanatoa tahadhari za bonde la Kongo kwa njia ya radari hiyo. Lakini tahadhari zile zilitengenezwa kwa misitu yenye maji mengi, si kwa pori linaloangusha majani kama letu.

Lazeri inaingia ndani

Munganga anaweza kukutazama uso na kusema uko muzuri. Akitaka kujua mapafu, anakutuma kwa radiografi. Lazeri inafanya kazi ya namna hiyo katika pori.

Mashini inatupa mwanga mwembamba wa lazeri kuelekea chini, na inahesabu muda mpaka mwanga unarudi. Mwanga unakimbia kilometa 300.000 kwa sekonde moja. Gawanya sekonde moja kwa vipande milioni elfu moja: mwanga ukichelewa kipande kimoja tu, ujue umegonga kitu kilicho chini zaidi kwa sentimeta 15. Hakuna saa ya mukono inayoweza hesabu hiyo, lakini mashini inaiweza. Sasa mwanga ule mumoja unapoingia katika pori, sehemu yake inagonga majani ya juu na kurudi. Sehemu nyingine inapita kati ya majani, inagonga matawi ya katikati. Sehemu ya mwisho inafika udongo. Mashini inaandika yote: juu kuko nini, katikati kuko nini, chini ni wapi. Tofauti ya juu na chini ndiyo urefu wa pori.

  

Sasa rudi kwa pori letu la visiki. Satelite ya mwanga inasema kijani. Lazeri inasema: kijani cha meta 3, na palikuwa meta 15. Mambo yanabadilika, sivyo?

Mwezi wa 12 mwaka wa 2018, Marekani ilituma lazeri ya kupima misitu katika nyumba kubwa ya anga ambamo wataalamu wa mataifa mbalimbali wanakaa, karibu kilometa 400 juu yetu. Jina lake ni GEDI. Iko na lazeri 3, na kila moja inapiga mara 242 kwa sekonde. Ilisimamishwa mwezi wa 3 mwaka wa 2023, ikarudishwa kazini mwezi wa 4 mwaka wa 2024. Lakini haipimi kila fasi. Kila pigo linaangukia duara ya meta 25 tu. Duara inayofuata iko meta 60 mbele, na mustari wa pembeni uko meta 600. Ni kama mama anayeonja sombe: hali sufuria nzima, anachukua kijiko hapa na pale, na anajua chumvi imetosha. Kijiko cha lazeri kinatoa urefu wa kweli kwenye duara. Picha za satelite zinasaidia kukadiria kati ya duara na duara.

Inchi yetu ilifanyiwa kazi ya namna hii hata mbele ya GEDI, kwa ndege ndogo yenye lazeri tumboni. Ndege ilipita juu ya vipande vya misitu vilivyochaguliwa kwa kura katika Kongo, jumla kupita ekitari 400.000, na ramani ya uzito wa miti ya inchi nzima ilitangazwa mwaka wa 2017.

Unaweza kuuliza: lazeri inapima urefu, uzito unatoka wapi? Unatoka kwa watu wa miguu. Watu wanaingia katika pori na meta ya kamba, wanazungusha kila muti kwa kimo cha kifua, meta 1,30 kutoka udongo, wanaandika jina lake na unene wake. Na nyuma yao kuko kazi nyingine ngumu zaidi: miti iliyoangushwa, ikakatwa vipande, ikapimwa kwa kilo. Hesabu moja inayotumiwa sana katika inchi za joto, iliyotangazwa mwaka wa 2014, imesimama juu ya miti kupita 4.000 iliyopimwa vile. Bila jasho lile, lazeri ni taa tu.

Hesabu ya Lubumbashi

Watafiti, kati yao wale wa Université ya Lubumbashi, walichukua picha za Landsat na kufuata eneo lote ambamo muji unapata makala. Mwaka wa 1990, katika kila sehemu 100 za eneo lile, karibu 78 zilikuwa pori la miombo. Mwaka wa 2022 zilibaki karibu 40. Miaka 32 tu. Mutoto aliyezaliwa wakati ule leo ana watoto wake mwenyewe, na wanapikiwa kwa makala.

Soma tena hesabu hiyo, kisha ukumbuke tulivyosema juu ya kijani. Hiyo ni kazi ya mwanga. Inahesabu fasi ambapo pori limetoka na kuwa shamba, majani ao muji. Zile 40 zinazobaki, picha inaziita pori. Haisemi kama ni pori nene ao jembamba, kama ni miti ya babu ao ni fimbo juu ya visiki. Mimi naona hapo ndipo kuna hatari. Kiongozi anaweza kutazama rangi ya kijani kwenye ramani na kusema bado tuko na pori la kutosha, na kumbe makala yaliyomo yamekwisha kuchukuliwa. Tanuru ya udongo inakula sana: kilo 100 za mbao kavu, mara nyingi hazitoi hata kilo 20 za makala. Mufuko mumoja unaouona juu ya kinga ulikuwa rundo kubwa la miti.

Nani amekula?

Wapendwa, picha inaonyesha fasi na inaonyesha mwaka. Haionyeshi nani wala sababu gani. Watafiti waliochunguza bonde la Kongo kati ya 2000 na 2014 walikuta kwamba asilimia 84 ya misitu iliyoharibiwa ilifunguliwa na walimaji wadogo, kwa jembe na shoka, bila mashini. Kuko watu wanaochukua hesabu hiyo na kumunyoshea kidole mwanakijiji. Haraka hiyo siipendi. Mulimaji anayerudi kukata kichaka kilichoota katika shamba la baba yake anaandikwa katika ramani sawa na yule anayeangusha musitu ambao haujaguswa, kama tu miti imepita meta 5. Na kando ya miji yetu, muti unatoa makala kwanza, kisha fasi inalimwa mahindi. Mahindi yanalaumiwa. Na mbabula ya muji iliyokula makala? Ile haionekani kutoka juu.

Picha zile zile zinaweza kumutetea mwanakijiji. Amri ya serikali ya tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka wa 2014 inaruhusu jamaa za vijiji kuomba musitu wao wa desturi uandikwe kwa jina lao, mpaka ekitari 50.000, bila mwisho wa miaka. Wanaoomba wanapaswa kuleta ramani. Wazee wanatembea kwenye mipaka, mito na vichuguu wanavyovijua, kijana anashika mashini ndogo ya kupokea alama za satelite na kuandika kila pointi. Kijiji chenye ramani kinaweza kuweka picha za mwaka kwa mwaka mezani na kusema: mpaka mwaka huu pori letu lilikuwa zima, barabara ikafunguliwa, na tazama mwaka uliofuata.

Ninyi vijana wenye telefone nzuri, kuko chombo kinaitwa Global Forest Watch, kimekuwa bure tangu mwaka wa 2014. Tafuta muji wako, kisha kijiji cha babu yako. Utaona alama za rangi ya waridi kwa fasi zilizopoteza miti. Usiamini haraka na usikatae haraka. Jua kwamba alama inasema kilele kimeondoka, na kwamba fasi isiyo na alama inaweza kuwa imekondeshwa. Kisha nenda kwa miguu, pamoja na mutu anayejua miti kwa jina, kwa Kisanga, kwa Kilamba ao kwa Kibemba. Mutu wa namna hii anakuwa wa shida kupata kuliko mutu wa kompyuta, na watafiti wanamutafuta.

Neno la mwisho ni habari mupya. Tarehe 29 mwezi wa 4 mwaka wa 2025, Ulaya ilirusha kutoka Kourou satelite inayoitwa Biomass. Ni radari yenye wimbi refu, karibu sentimeta 70. Wimbi la namna hiyo linapita majani na vitawi bila kuvijali, na linarudishwa na mashina na matawi makubwa, yaani mule uzito wa muti ulimo. Ajabu yake ni hii: juu ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini haina ruhusa ya kufanya kazi, kwa sababu mawimbi yake yanasumbua radari za kulinda anga. Afrika iko wazi kwake, na musitu wa Kongo na pori la miombo vimo katika njia yake. Vipande vya ramani yake vitakuwa vya meta 200 kila upande. Pori lililokondeshwa kwa kilometa nyingi itaweza kulitambua. Tanuru moja ya mutu mumoja itapotea ndani ya kipande.